Nafsi, Mazoea na Tukio: Ushuhuda wa Annalena Tonelli Usomwapo Kutoka Griftu

Mmishenari tumemzoea akiwa mhusika. Tunamwona kwa mbali katika The River Between ya Ngugi wa Thiong'o, tunamkuta kwa karibu zaidi katika Une vie de boy ya Ferdinand Oyono, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Boi, na tunamcheka katika Le Pauvre Christ de Bomba ya Mongo Beti, ambamo padri anasimuliwa na mvulana anayemtumikia. Mmishenari akiwa mtunzi, hata hivyo, hatujui la kumfanya. Barua zake, shajara zake na ushuhuda wake tumewaachia wanahistoria wachimbue humo tarehe na idadi ya waliobatizwa, kana kwamba maandishi hayo hayana usimulizi, hayana nafsi wala hadhira, na hayana hila zozote za kifani. Makala haya yananuia kuisoma matini moja ya aina hiyo kama tunavyosoma kazi nyingine ya fasihi, yaani kwa kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na nani ameachwa nje ya mazungumzo.

Matini yenyewe ni ushuhuda alioutoa Annalena Tonelli mjini Vatican mwaka 2001. Mtunzi alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria, na akaondoka kwao Januari 1969 akiwa na umri wa miaka 25. Alifika Kenya akafundisha shule, kisha akafanya maskani yake Wajir hadi alipolazimishwa kuondoka nchini mwaka 1985. Akaendelea na kazi yake Somalia, na tarehe 5 Oktoba 2003 akauawa kwa risasi mjini Borama, miezi michache baada ya kutunukiwa Tuzo ya Nansen ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Barua zake za miaka ya Kenya zilitolewa Italia baada ya kifo chake kwa jina la Lettere dal Kenya 1969–1985. Barua hizo ziliandikwa kwa watu wa nyumbani na zina haki ya kusomwa kwa heshima inayostahili mambo ya nyumbani. Ushuhuda ni kitu kingine. Ulitungwa kwa ajili ya hadhira, ukatamkwa mbele yake, na tangu hapo umenukuliwa mara nyingi kuliko lolote jingine alilolisema. Kwa hiyo ndio tunaouchukua hapa.

Mahali tunapousomea ni Griftu, mji mdogo wa Wajir Magharibi. Hatudai kwamba Griftu ni mandhari ya ushuhuda huo. Tunachodai ni kwamba kila matini ina mahali inapoelekea na mahali inapotoka, na kwamba uhakiki wa barua za wamishenari umekuwa ukikaa mahali inapoelekea: Forlì, Roma, London. Wafugaji waliojaza kambi ya wagonjwa wa kifua kikuu pale Wajir, ile iliyojulikana kama TB Manyatta, walitoka katika malisho ya namna hii. Vipi maneno hayo yanasikika yakirudishwa kwao?

Aliyekwenda bila kutumwa

Kwanza tulitatue suala la jina. Neno mmishenari lina maana ya mtu aliyetumwa, na Kiswahili cha kanisa kimelisisitiza jambo hilo kwa kuzalisha utume kutokana na kutuma. Tonelli hakutumwa. Hakuwa mtawa, hakuwa mwanachama wa shirika lolote la kitawa, wala hakulipwa mshahara, na ushuhuda wake unaanza kwa kuyataja hayo moja baada ya jingine, kila sentensi ikimvua kitu kingine. Anajijenga kwa ukanushi: hana jina, hana shirika, hana mali, si mtu wa kuhesabiwa. Mbinu hii ina historia ndefu katika maandishi ya kiroho ya Kikristo, na msikilizaji wa Vatican aliitambua papo hapo kuwa ni unyenyekevu.

Msomaji wa Griftu anaweza kuisikia vingine. Katika nchi ambamo mtu akikutana na mwenzake kisimani huulizwa kwanza ukoo wake, ili ijulikane nani atamlipia diya akiua na nani atadai akiuawa, mtu anayesema kuwa si wa yeyote hajinyenyekezi tu. Anatangaza jambo la ajabu, karibu la kutisha. Tamko moja lina maana mbili kwa hadhira mbili, na mtunzi alikuwa ameishi kwa Wasomali zaidi ya miaka 30, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba maana ya pili haikumpitia akilini. Hapo ndipo penye utajiri wa mwanzo wa ushuhuda huu, na sijaona mhakiki aliyepagusa.

Tusidhani, tena, kwamba utanzu huu ni wa Wazungu peke yao. Mwaka 1888 wanafunzi wa chuo cha misheni ya UMCA pale Kiungani, Zanzibar, walianza kutoa jarida lililoitwa Msimulizi. Wengi wa vijana wa Kiungani wa kizazi cha kwanza walikuwa wamekombolewa utumwani, na walipohitimu walipelekwa Magila, Masasi na Nyasa kuwa walimu. Habari za vituo hivyo zilirudi Kiungani kwa Kiswahili na kupigwa chapa. Kijana aliyekuwa mbali na kwao kwa nguvu sasa alikuwa mbali na kwao kwa kazi, akiandika habari za siku zake kwa wenzake waliobaki shuleni. Kutoka katika malezi hayo ya UMCA akatoka baadaye Samuel Sehoza, ambaye Mwaka katika Minyororo yake ya 1921 inasimulia kifungo cha walimu wa misheni chini ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tofauti kati ya vijana hao na Tonelli haiko katika imani wala katika taabu. Iko katika lugha. Mtu wa Masasi aliyejua kusoma aliweza kulishika jarida na kuona alivyoandikwa humo, akacheka au akakasirika. Kitaliano hakikumpa mtu wa Wajir nafasi hiyo, na hakijampa hadi leo.

Makosa manne

Sehemu ya ushuhuda inayosimulia siku za kwanza za Wajir ndiyo iliyo karibu zaidi na kile tunachokiita hapa maisha ya kila siku ya mmishenari kijana. Msimulizi anaeleza kwamba kila kitu kilikuwa dhidi yake, kisha anavitaja. Alikuwa kijana, kwa hiyo hakustahili kusikilizwa. Alikuwa mweupe, kwa hiyo alidharauliwa na watu ambao, kwa maelezo yake, hujiona bora kuliko wengine wote. Alikuwa Mkristo, kwa hiyo aliogopwa. Tena hakuwa ameolewa, na hilo mahali pale lilikuwa ni upuuzi usioeleweka.

Tukumbuke kwamba anayesema ni mwanamke wa miaka 58. Kijana wa 1969 haongei. Anaongelewa na mtu mzima anayejua kisa kitakwishaje. Nafsi mbili hizi, inayosimulia na inayosimuliwa, zinatengana kwa miaka 32, na orodha ya makosa manne ina unadhifu ambao siku zenyewe haziwezi kuwa nao. Ni orodha ya mtu aliyekwisha kushinda. Kila kosa limewekwa hapo ili baadaye liondolewe, na linaondolewa kweli: anakuja mzee mmoja, kiongozi aliyewapenda, na kuwaambia yeye na mwenzake kwamba Waislamu wana imani na ninyi mna upendo. Kauli ya mzee huyo imejengwa kama methali, pande mbili zikipimana, na ndiyo sauti ya mwenyeji inayokumbukwa zaidi na kila aliyeusoma ushuhuda. Mzee hana jina. Hatuambiwi alitoka ukoo gani wala alikuwa na mifugo mingapi iliyobaki.

Neno mifugo silitumii kwa bahati. Orodha ya makosa manne inaeleza chuki ya wenyeji kwa sifa za mgeni: umri, rangi, dini, ndoa. Haimo hata sifa moja ya historia. Ilhali mgeni huyu aliingia Kaskazini Mashariki wakati moshi wa vita vya Shifta ulikuwa bado haujatawanyika. Vita hivyo vilianza mwaka wa uhuru, 1963, na kusimamishwa kwa mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katika kipindi hicho wafugaji walikusanywa vijijini kwa amri ya serikali na mifugo yao mingi ikaangamia. Hali ya hatari ilibaki katika sheria hadi 1991. Hata kabla ya hapo eneo zima lilikuwa wilaya iliyofungwa chini ya ukoloni, na mtu wa nje hakuingia bila kibali. Kwa mwenyeji wa 1970, basi, mgeni aliyefika kutoka upande wa Nairobi akiwa na ruhusa ya serikali alikuwa na kosa la tano lililoyafunika hayo manne. Ushuhuda haulitaji. Ninathubutu kusema kwamba hili ni pengo la utanzu kuliko pengo la mtunzi: barua ya mmishenari imezoea kuona kizuizi katika mioyo ya wenyeji, kwa sababu kizuizi cha moyo ndicho kinachoweza kuyeyushwa kwa upendo. Kizuizi cha sheria ya hali ya hatari hakiyeyuki hivyo.

Mazoea katika hu-

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema waungwana. Griftu hawampi mtu jembe. Labda watampa kamba ya ndoo ya kisimani. Lakini maana ni ile ile, kwamba maisha ya kila siku huanzia pale ugeni unapokoma na kazi kushika nafasi yake. Kwa Tonelli kazi hiyo ilikuwa kifua kikuu. Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wahamaji. Mhamaji aliyepewa dawa akaenda nazo malishoni aliziacha alipopata nafuu, na ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Tena ugonjwa wenyewe ulikuwa aibu, ukaonwa kama laana, na mgonjwa alifichwa au akaachwa. Njia iliyotumika Wajir ilikuwa ni kumwacha mgonjwa ajenge aqal yake karibu na kituo, akae humo miezi 6 miongoni mwa wenzake, na kila siku ameze dawa mbele ya macho ya mhudumu. Utaratibu huo unahesabiwa kuwa miongoni mwa vitangulizi vya mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza katika miaka ya 1990 kwa jina la DOTS.

Kwa mhakiki wa usimulizi, tiba hii ina jambo la kustaajabisha: haina kisa. Siku ya 40 inafanana na siku ya 39, na ikitofautiana nayo, basi kuna aliyekosa dawa. Ufanisi wa kazi yote umo katika kutotokea kwa tukio. Msimulizi wa maisha kama haya hana budi kusimulia mazoea, na kila lugha ina njia yake ya kuyasimulia. Kiswahili kina hu-. Sarufi zetu zinaieleza kama alama ya hali ya mazoea na kuongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba haipokei kiambishi cha nafsi wala haitaji wakati. Huamka, hugawa dawa, huosha vidonda: nani? lini? Kitenzi hakisemi. Mtu anayetafuta kusema kwamba yeye si mtu wa kuhesabiwa hawezi kupata sarufi inayomfaa zaidi. Kiswahili kingeufanya ukanushi wa Tonelli kwa silabi moja, bila kujitangaza, na naona haya kidogo kwamba hatujamfanyia hisani hiyo ya kumfasiri.

Wagalla

Tarehe 10 Februari 1984 askari walianza kuwakusanya wanaume wa Degodia kutoka mjini Wajir na sehemu za jirani, wakawapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, magharibi ya Wajir, upande uleule iliko Griftu. Walizuiliwa pale kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, wakavuliwa nguo, na wengi wakauawa. Idadi rasmi iliyotolewa wakati ule ilikuwa watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza mashahidi Kaskazini Mashariki mwaka 2011, na ripoti yake ya 2013 ikataja idadi inayokaribia 1,000. Tonelli na wasaidizi wake waliwatibu walionusurika na kushughulikia maiti, na habari zilizowafikia wanadiplomasia wa kigeni zilipitia kwake kwa sehemu kubwa. Hilo ndilo lililomfukuzisha.

Hapa hu- inashindwa. Hakuna anayeweza kusema kwamba wanaume wa Griftu huuawa. Ni lazima -li-, na -li- inadai nafsi, inadai tarehe, inadai mtenda. Swali letu ni je, ushuhuda unalitimiza dai hilo?

Unalitimiza nusu. Msimulizi anasema watu elfu moja waliuawa, na kwamba waliokusudiwa kuuawa walikuwa wengi zaidi ya hao mara nyingi. Tusisahau kwamba aliyasema hayo mwaka 2001, miaka 12 kabla ya ripoti ya Tume. Huo ni ujasiri. Lakini baada ya sentensi chache kisa kinahama. Tunaingia katika chumba cha mahakama ya kijeshi, ambamo anaambiwa kwamba amekwisha kunusurika katika mitego miwili na hatanusurika katika wa tatu. Kisha mmoja wa wakubwa, Mkristo, anamuuliza ni nini kinachomsukuma, naye anajibu kwamba ni Yesu Kristo, anayetaka mtu atoe uhai kwa ajili ya rafiki zake. Ni onyesho lenye nguvu kubwa. Kifani ndicho kilele cha ushuhuda wote. Hebu tuhesabu waliomo chumbani. Yumo mtunzi, wamo wakubwa wa serikali, yumo Kristo. Mdegodia hayumo. Mauaji ya Waislamu yamegeuka kuwa mazungumzo kati ya Wakristo wawili kuhusu maana ya Ukristo, na waliouawa wamekuwa sababu ya swali zuri.

Kiswahili kinatusaidia kulitaja jambo hili kwa usahihi, maana kutokana na mzizi mmoja wa Kiarabu kimepata maneno mawili. Ushuhuda hutolewa kanisani, na kiini chake ni yule anayeutoa: nilikuwa hivi, nikawa hivi. Ushahidi hutolewa mahakamani, na kiini chake ni lililotendeka. Shahidi akijieleza mno hakimu humkatiza. Tonelli alikuwa msomi wa sheria aliyekuwa na ushahidi, akaombwa ushuhuda. Alitoa ushahidi wake mahali pengine, mwaka ule ule wa 1984, kwa hatari ya maisha yake, na hatuna haki ya kumlaumu. Tunaowalaumu ni waliokuja baadaye, waandishi wa wasifu na hotuba za kumbukumbu, ambao wameichukua Wagalla na kuiingiza katika hu-: ikawa mojawapo ya majaribu ambayo watakatifu hupitia, kati ya upweke wa Wajir na risasi ya Borama.

Ndiyo maana ushuhuda huu usisomwe peke yake. Mwaka 2007 S. Abdi Sheikh alitoa kitabu chake Blood on the Runway, kilichowarudisha watu wa Wajir katika kiini cha sentensi. Kifani si kitabu cha kulinganishwa na ule ushuhuda. Haraka na hasira vimo, na mhariri mkali angekuwa na kazi. Lakini ndicho kinachoufanya usomeke. Msomaji akitoka humo na kuurudia ushuhuda, yule mzee asiye na jina aliyegawa imani na upendo anaanza kuwa na uso, na mtu anajikuta akiuliza alikuwa wapi tarehe 10 Februari 1984. Nadhani swali hilo, ambalo matini zote mbili haziliulizi, ni la kifasihi kama lilivyo la kihistoria, na mwanafunzi wa shahada ya pili anayetafuta mada anaweza kulichukua bila kuniomba ruhusa.

Kuna jambo moja la mwisho, na ni la mfasiri. Atakapofika kwenye sentensi inayotaja watu elfu moja, Kiswahili kitampa kitenzi kilicho tayari: waliuawa. Kauli ya kutendwa inamruhusu aishie hapo, kwa kuwa sarufi haimlazimishi kumtaja mtenda. Yambwa limepanda likawa kiima, na nafasi ya na iliyofuata kitenzi inaweza kubaki tupu bila mwalimu yeyote kuweka alama nyekundu. Tungependa mfasiri huyo aweke chini ya ukurasa tanbihi ya mstari mmoja, akiijaza nafasi hiyo kwa maneno ya kawaida kabisa: na askari wa Serikali ya Kenya.